Holambra kwa siku moja: lipia shamba, picha zitakuja zenyewe

Ziara nyingi za siku moja kwenda Holambra, mji wa maua wa Brazili ulioanzishwa na wahamiaji wa Kiholanzi, zinafuata njia ileile. Basi linaondoka São Paulo asubuhi, linasimama kwenye lango la mji watu wapige picha, kisha kinu cha upepo, chakula cha mchana, duka la zawadi, na safari ya kurudi. Anayelipia mpango huo ataona nyumba zenye kuta za mbele za Kiholanzi na viatu vikubwa vya mbao vya kuingiza miguu na kupigia picha, lakini hataona ua likikuzwa. Na maua ndiyo yanayoulisha mji huu. Ni mji wa wakazi elfu kumi na tano hivi, lakini sehemu kubwa ya maua na mimea ya mapambo inayouzwa Brazili inapitia hapa na kwenye mashamba ya jirani. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza wakala, kabla hata ya bei, ni hili: tunaingia ndani ya kitalu nyumba kinachofanya kazi, kwa muda gani, na nani anatueleza?

Jibu linaloridhisha ni angalau saa moja na nusu shambani, na mwenye kueleza awe mkulima au mfanyakazi wa shamba. Ukiambiwa "tutapita kwenye mashamba", elewa kwamba mtayaona kupitia dirisha la basi. Zipo pia bustani zilizopandwa kwa ajili ya wageni, Bloemen Park ikiwa mojawapo, zenye mistari ya maua ya rangi iliyopangwa kwa ajili ya kamera. Ni mahali pazuri na watoto wanapapenda. Lakini kama muda unatosha sehemu moja tu, chagua shamba la biashara.

Waholanzi hawakuja hapa kulima maua, na mwongoza watalii mzuri ataanzia hapo. Familia za kwanza zilifika 1948, miaka mitatu baada ya vita, wengi wao Wakatoliki kutoka Noord-Brabant, kusini mwa Uholanzi. Walikaa kwenye shamba kubwa lililoitwa Fazenda Ribeirão, na jina la Holambra likaundwa kutokana na Holanda, América na Brasil. Mpango ulikuwa ng'ombe wa maziwa. Uholanzi wakati ule ilibana utoaji wa fedha nje ya nchi, kwa hiyo mtaji wao ulisafirishwa ukiwa ng'ombe na mashine. Ng'ombe waliozoea baridi ya Ulaya wakakutana na joto, kupe na magonjwa ya kitropiki, na wengi wakafa. Mfugaji aliyewahi kupeleka ng'ombe wa kisasa kwenye nyanda za joto pasipo na josho hahitaji kuelezwa zaidi. Baadhi ya familia zilihamia kwingine. Waliobaki wakashikana kwenye ushirika wao, wakageukia kuku na mazao mchanganyiko, na katika miaka ya 1950 wakaanza kupanda gladiola. Gladiola zikalipa. Wilaya yao wenyewe waliipata kwa kura ya wananchi mwaka 1991.

Sehemu ya historia hii imehifadhiwa kwenye makumbusho ya mji: picha za zamani, matrekta, zana, na mifano ya nyumba za wahamiaji wa mwanzo, ikiwemo ya fito na udongo ambayo mtu wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja. Nusu saa inatosha. Hakikisha wakala ameuliza saa za kufungua kwa siku yenu, kwa sababu makumbusho ya mji mdogo hayafunguliwi siku nzima kila siku.

Kuhusu siku ya kwenda, watu wengi huchagua Jumamosi au Jumapili kwa sababu maduka na migahawa yote imechangamka. Ila shambani mwisho wa wiki ni kimya: wafanyakazi wachache, hakuna ufungashaji, malori hayapakii. Siku ya kazi ni bora mara mbili kwa anayetaka kujifunza, hasa Jumanne hadi Alhamisi. Epuka wiki mbili kabla ya sikukuu tatu ambazo Wabrazili hununua maua kwa wingi: Siku ya Mama, yaani Jumapili ya pili ya Mei, siku ya wapendanao, ambayo kwao ni tarehe 12 Juni wala si Februari, na siku ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 2 Novemba. Wakati huo vitalu vimejaa kuliko wakati wowote, lakini mashamba mengi hayana mtu wa kuwahudumia wageni, na ziara hufupishwa mkiwa tayari mmefika.

Kutoka São Paulo ni kilomita 135 hivi kuelekea kaskazini, kupitia Campinas ambayo iko umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Holambra. Njia ikiwa nyeupe ni saa mbili. Basi liondoke saa 1 asubuhi, na anayechelewesha kundi hadi saa 2 huliingiza kwenye foleni za kutoka jijini na kula muda wa shamba. Kurudi Jumapili jioni ni kugumu zaidi, maana wakazi wa São Paulo waliotoka mapumzikoni wote wanarudi kwa barabara hiyohiyo. Ukiwa na ndege usiku huo Guarulhos, usiende Holambra Jumapili. Uliza pia kama ushuru wa barabara umo kwenye bei, kwa sababu vituo vya kulipia viko kadhaa na baadhi ya mawakala huudai njiani.

Vaa viatu vya kufunika vidole. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huwa na baridi kali kwa mtu wa pwani, na mchana jua linawaka; Desemba hadi Machi mvua hupiga alasiri, hivyo shamba liwekwe asubuhi. Mlangoni mwa kitalu utakuta sponji au beseni lenye dawa ya kukanyaga. Kanyaga kwa miguu yote miwili. Usishike majani, usipitishe mkono juu ya maua, na kama asubuhi hiyo umetoka bustani nyingine, sema. Thripsi, mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, husafiri kwenye nguo na hubeba virusi vya mimea. Mkulima akikukataza kuingia kitalu fulani, ana sababu.

Kama shamba linalima krisanthemamu, omba kuonyeshwa pazia jeusi. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote vya siku hiyo. Krisanthemamu huhesabu urefu wa usiku. Usiku ukiwa mfupi, mmea huendelea kurefusha shina na kuongeza majani. Usiku ukirefuka kufikia saa 12 hivi, hugeuka na kutunga maua. Mkulima hutumia tabia hiyo kupanga tarehe ya mauzo. Miche ikiwa michanga huwashiwa taa katikati ya usiku ili idhani siku bado ni ndefu, ipate urefu unaotakiwa na soko. Kisha taa huzimwa, na katika miezi ya joto ya huko, ambapo mchana hufika saa 13 na zaidi, pazia jeusi huvutwa juu ya matuta jioni na kufunguliwa asubuhi. Tangu hapo hupita wiki saba hadi tisa ua kuwa tayari, kutegemea aina.

Tazama pazia lenyewe kwa karibu. Utaona viraka vimeshonwa na kubandikwa mpaka kwenye matundu madogo. Tundu moja linalopitisha mwanga wa taa ya barabarani au ya kitalu cha jirani linatosha kuchelewesha mimea iliyo chini yake: tuta zima linachanua, na mduara mmoja unabaki wa kijani. Shada lenye maua yasiyolingana umri halipati bei. Mkulima wa Naivasha au Arusha atagundua tofauti hapohapo. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo kazi kubwa kwetu ni taa za kuzuia mmea usichanue mapema. Ndiyo maana mashamba ya Uganda yanayozalisha vipandikizi vya krisanthemamu kwa ajili ya Uholanzi huwasha taa usiku: kipandikizi kilichokwisha kutunga ua hakiuziki.

Wageni wengi huulizia tulipu, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Hakuna mashamba ya wazi ya tulipu Holambra kama yale ya Uholanzi. Tunguu la tulipu linahitaji baridi kali kwa miezi mitatu au zaidi kabla halijakubali kutoa ua, na majira ya baridi ya hapa hayafikii kiwango hicho. Matunguu huagizwa kutoka nje na kupewa baridi kwenye vyumba vya ubaridi, kisha ua hukuzwa ndani likidhibitiwa joto. Wakala akikuuzia ziara kwa picha ya uwanda wa tulipu, picha hiyo imepigwa Ulaya. Utakachokiona kwa wingi ni krisanthemamu, kalanchoe, waridi, yungiyungi, anthuriamu na okidi za vyungu. Kwa okidi, uliza umri wa mmea ulio mbele yako. Tangu mche wa maabara hadi mmea wa phalaenopsis wenye maua hupita miaka miwili hivi, na karibu na mwisho hushushiwa joto ili ulazimike kutoa kikonyo.

Mnada ni habari nyingine. Veiling Holambra, ulioanza 1989, unafuata saa ya Kiholanzi: bei huanza juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Ukibonyeza mapema umelipa zaidi ya ulivyohitaji. Ukisubiri bei ishuke kidogo zaidi, mwenzako amechukua toroli lote. Ni mfumo uleule unaopokea mawaridi ya Kenya kwenye mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, isipokuwa maua ya Holambra karibu yote hubaki Brazili. Unafanyika asubuhi mapema siku za kazi, na hapaingiliki hivihivi. Kundi linahitaji miadi, na basi lililotoka São Paulo saa 1 litakuta sehemu kubwa imekwisha. Anayeutaka kweli mnada alale Holambra au Campinas usiku wa kuamkia.

Mjini kwenyewe saa tatu zinatosha. Kinu cha upepo, Moinho Povos Unidos, kilizinduliwa 2008 mji ulipotimiza miaka 60, na kina urefu wa mita 38 hivi. Pandeni kabla ya chakula, kwa sababu ngazi za ndani ni kali na foleni hurefuka mchana. Ziwa la Vitória Régia lina gati la mbao ambalo wapendanao hufungia kufuli. Ni kituo cha dakika kumi na tano.

Chakula cha mchana wekeni oda mapema kama kundi linazidi watu kumi, la sivyo saa nzima itaishia kwenye kusubiri meza. Sahani inayosifiwa sana migahawani ni goti la nguruwe, na kroketi za nyama huchanganywa nyama mbalimbali, hivyo Mwislamu aulize kila sahani. Usalama uko kwenye samaki na kwenye vitafunwa vya unga: poffertjes, vibofulo vidogo vilaini vyenye siagi na sukari ya unga, na stroopwafel, biskuti nyembamba ya tabaka mbili. Stroopwafel iweke juu ya kikombe cha kahawa ya moto dakika mbili kabla ya kuila, sharubati iliyo katikati ilainike.

Ukienda kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Septemba utakutana na Expoflora, maonyesho yanayofanyika tangu 1981, mwisho wa wiki. Kilele ni mvua ya petali, kama saa 10 na nusu jioni. Wenyeji husema atakayedaka petali kabla haijagusa ardhi atapata anachoomba. Tiketi ya maonyesho hununuliwa kabla, na siku hizo usitarajie shamba. Ni maelfu ya watu na barabara ya kuingilia hujaa kufikia saa 4 asubuhi. Mwambie dereva basi liegeshwe upande wa kutokea.

Mnunuzi wa mimea anunue mwisho kabisa, maana basi lililofungwa juani huua chungu cha maua kwa saa moja. Okidi isafirishwe wima, mbali na ndizi na maembe: matunda yanayoiva hutoa gesi inayoangusha vitumba, na utafika hotelini na kikonyo kitupu. Anayerudi Afrika Mashariki, pengine kwa ndege ya Ethiopian kupitia Addis Ababa, awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Brazili ni miongoni mwa nchi ambazo abiria wake hudaiwa cheti wakiingia Tanzania na Kenya. Mmea, mbegu au tunguu havivuki mpaka bila kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka Brazili. Kenya kibali hutolewa na shirika la afya ya mimea, KEPHIS, Tanzania ni mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na huombwa kabla ya safari. Tunguu kavu lililofungwa kwenye boksi la zawadi nalo linahesabiwa.