Siku moja maishani mwangu: mpambaji wa harusi, Kisumu

Saa kumi na moja alfajiri niko stendi, nasubiri maua. Mawaridi yametoka Naivasha usiku, yamelazwa kwenye buti ya matatu yakiwa yamefungwa kwa magazeti. Huko yalikotoka watu wanavaa makoti. Hapa jua halijachomoza na blauzi tayari inanata mgongoni. Usipoyakata mashina na kuyatumbukiza kwenye ndoo za maji papo hapo, kufikia saa sita yameinamisha vichwa, na hakuna mgeni atakayelaumu joto la Kisumu. Atauliza mpambaji ni nani.

Watu hudhani kazi hii ni ya kukaa kivulini ukichagua rangi, kucha zimepakwa. Kazi yenyewe ni nyundo, ngazi, waya, turubai, ndoo, na kubishana na jamaa za watu bila kupandisha sauti. Wakati mwingine ni kulala chini ya meza dakika kumi kwa sababu kitambaa kinakuficha na hakuna atakayekutuma.

Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili hakuna cha kusimulia. Chai, kupakia pikapu, kuwapigia simu vijana wangu wa mkono ambao kila mmoja "yuko Kondele, anakaribia".

Saa mbili tuko uwanjani. Ni bustani upande wa Milimani, inatazama ziwa. Maharusi waliipenda kwa sababu jua la jioni linazama upande wa maji, wakataka meza kuu iwe huko, ili wageni wawaone wao wawili na nyuma yao jua. Wazo zuri. Mimi nilipoletwa kuiona niliona upepo. Asubuhi ziwa hutulia, lakini nchi kavu ikishapata moto, upepo unaanza kuvuma kutoka majini kuja mjini, na hiyo huwa ni mchana, wageni wakiwa wameketi na keki iko nje. Kwa hiyo hema la meza kuu nalitilia ukuta wa turubai upande wa ziwa, nimeufunga kwa mafundo ya kufunguka haraka. Mchana unabaki chini. Jioni upepo ukitulia tunaukunja juu na jua lao linaonekana. Vigingi napigilia zaidi ya vile mwenye mahema anavyoona vinatosha. Alinicheka, nikamwacha acheke.

Sasa niwaeleze hawa maharusi, maana si wa kawaida. Bi harusi ni Mluo wa hapa mjini, bwana harusi ni Mluhya wa upande wa Kakamega. Waliandikishana kwa msajili wa ndoa, baada ya ile ilani ya siku 21 inayotakiwa na Sheria ya Ndoa ya 2014, na leo ni baraka na karamu. Pesa hawana nyingi. Wana marafiki. Mmoja anasuka vitu kwa gugumaji kule Dunga, mwingine anachora mabango ya maduka, yuko fundi wa nguo, na yuko kijana anayepiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Walikataa zile rangi mbili ambazo kila kamati ya harusi huchagua, wakaniambia: marafiki watatengeneza, wewe hakikisha vinasimama.

Na vitu vyenyewe, jamani, vilikuwa vizuri. Yule msusi alileta vikapu vya meza na vifuniko vya taa, vyote vya gugumaji, mmea uleule uliotanda kwenye ghuba ya Winam miaka ya 1990 hadi mitumbwi ikashindwa kupita. Mashina hukaushwa juani, kisha husukwa mfano wa nywele. Mchoraji alikusanya mbao za mitumbwi iliyochakaa, na badala ya kuandika meza namba moja, namba mbili, akaandika mahali: Dunga, Kondele, Kit-Mikayi, Kakamega. Meza ya Maseno, ambako maharusi walikutana, aliipigia mstari mweupe katikati, kwa sababu ikweta inapita pale Maseno. Wageni wa meza hiyo walishinda siku nzima wakiulizana nani yuko kaskazini. Fundi naye alishona vitambaa vya meza kutokana na vipande vya vitenge vya soko la Kibuye, na hakuna meza iliyofanana na nyingine.

Ila marafiki wana shida yao. Fundi unayemlipa unaweza kumwambia "hii hapana, rudia." Mtu aliyekesha akisuka vikapu kwa sababu anampenda bi harusi, utamwambiaje kwamba vikapu vyake ni vyepesi na saa tisa vitaokotwa kwa jirani? Humwambii. Unatuma kijana akaokote mawe, unayaosha, unayapanga ndani ya kila kikapu, juu yake unaweka chupa ya maji na maua. Msusi aliyaona mawe, akayapenda, akauliza kama nayo ni sehemu ya sanaa. Nikamwambia ndiyo.

Saa nne na kitu, shangazi akafika.

Ni dada mkubwa wa baba wa bi harusi, na ni mjumbe wa kamati. Alishuka kwenye gari na jora zima la satini nyeupe begani mwa dereva, na mfuko wa riboni za zambarau. Akasimama kwenye lango la bustani, akatazama meza moja moja hadi ya mwisho.

"Ni wewe mtu wa dekor?"

"Ni mimi, mama. Habari ya asubuhi. Karibu sana."

"Hii ni harusi ama ni Kibuye siku ya Jumapili?"

Vijana wakacheka, mimi nikakaza uso. Nikamweleza kwamba ndivyo maharusi walivyochagua, kila meza na rangi yake, nikamwonyesha picha kwenye simu na ujumbe wa bi harusi. Akasema picha si harusi. Akasema kamati ilikubaliana nyeupe na zambarau, na iko kwenye kumbukumbu za mkutano. Akampigia mwenyekiti wa kamati, akaweka spika, na mwenyekiti, ambaye nilisikia wazi kwamba bado yuko kinyozi, akasema, "Mama akisema hivyo, basi tuangalie." Tuangalie! Neno hilo limenimaliza nguvu kuliko ngazi zote nilizowahi kupanda.

Nina sheria yangu: siku ya harusi simpigii bi harusi simu. Yuko saluni, kichwa kimeshikwa na watu wawili, akilia hapo vipodozi vinarudiwa na ratiba yote inasogea. Nikamtafuta msimamizi wake, simu ikaita bila kupokewa. Nikampigia mchoraji arudi kunisaidia kueleza, akasema yuko kwenye bodaboda anatafuta rangi ya dhahabu. Nilipogeuka, shangazi alikuwa ameshavua vitambaa vya meza ya Dunga na Kondele, anavikunja vizuri kabisa, kwa adabu, anaviweka juu ya kiti. Nikawa naenda nyuma yake navirudisha. Yeye anavua, mimi natandika. Hatukugombana. Tulikuwa tunaulizana hata habari za watoto. Lakini jua limeshapanda, keki inakuja saa saba, mpishi anataka kujua sufuria za pilau zikae wapi, kijana wa jenereta anataka pesa ya petroli, na mimi nimekwama meza ya tatu na mama wa watu.

Kilichonisaidia ni mzee mmoja aliyewahi kuliko wote, amevaa suti nzito, akauliza sisi wazee tutakaa wapi. Nikamgeukia shangazi. "Mama, hema la wazee bado halijaguswa. Hilo liwe lako. Nyeupe tupu, na riboni, vile unavyojua mwenyewe. Hakuna atakayeingilia."

Akanyamaza. Akaliangalia. Lilikuwa karibu na meza kuu, kila mgeni atalipita.

"Na viti?"

"Na viti pia, mama."

"Nipe watu."

Akachukua vijana wangu wawili hodari na ngazi yangu ndefu, na sikuviona tena hadi saa saba. Niseme ukweli, hema lilipendeza. Ana mkono mzuri, anajua kukunja satini ikae. Na kuna jambo alilolijua kuliko sisi sote: wazee wakifika mahali wasipoona kitu chochote wanachokifahamu, huamini wamedharauliwa, hata ukiwapa kiti cha mbele.

Baada ya hapo saa zilianza kuchanganyikana. Msafara ulitakiwa saa saba. Saa nane haupo. Mtu akasema wako Mamboleo, mwingine akasema bado wanapiga picha. Mawaridi niliyahamishia chini ya meza ya keki, kwenye kivuli, nikayanyunyizia maji kila nilipopita. Sijala. Korongo mmoja alitua kwenye mti juu ya viti vya wakwe, na yeyote anayewajua korongo wa Kisumu anajua kwa nini nilihamisha safu nzima.

Ndipo upepo ukaja. Ulianza na leso za karatasi, ukafuata utepe wa lango, kisha ule ukuta wa turubai ukavimba na mwenye mahema akaacha kucheka, akashika kamba pamoja nami. Vigingi vikashika. Vikapu havikutikisika. Lango ndilo lililoyumba, maana marafiki walikuwa wamelifunga kwa uzi wa mkonge kwa sababu unapendeza zaidi ya waya, basi nikasimama nimelikumbatia mwanzi wake huku kijana anazungushia waya ndani ya majani pasipoonekana. Mgeni mmoja akanipiga picha. Nadhani alifikiri ninasali.

Wageni walikuwa wameanza kununa kwa njaa. Waliowaokoa ni wapiga isukuti waliotoka Kakamega, nao pia wamechelewa, lakini walishuka kwenye gari wakipiga. Ngoma tatu, ya baba, ya mama na ya mtoto. Ni ile ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilipoona shangazi wa Kijaluo amefunga leso kiunoni anafuata mabega ya Waluhya, niliondoka kwenda kukaza kamba nyingine. Maharusi wakaingia katikati ya hiyo ngoma, ikaonekana kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Hotuba sizikumbuki. Nilikuwa jikoni, kisha kwenye jenereta, kisha namtafutia kijana wa nyatiti kiti kisicho na mikono, kwa sababu nyuzi zake nane haziwezi kupigwa mtu akiwa amebanwa. Nilikula ugali na mbuta nikiwa nimesimama, nyuma ya gari la keki. Jioni upepo ukatulia, tukafungua mafundo, turubai likapanda, na jua likaja. Mpiga picha akapiga kelele kila mtu asimame vizuri. Mimi nilikuwa naangalia mawingu upande wa milima ya Nandi, kama mvua inakuja au inapita. Ikapita.

Giza likiingia kuna kazi ambayo mtu wa Nairobi haijui. Ukiwasha taa kali karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kwa mawingu, wanajaza kila kilicho wazi. Keki nyeupe chini ya taa nyeupe ni maombolezo. Kwa hiyo taa kali naiweka mbali, kwenye kona ya choo, wote waende huko, na mezani nawasha balbu za manjano hafifu ndani ya vile vifuniko vya gugumaji. Wageni wakasifu mwanga. Hakuna aliyeuliza kwa nini kona ya choo inang'aa vile.

Kuvua ni kazi kuliko kuvisha, na hufanywa na watu waliochoka. Ilikuwa saa tano, labda saa sita. Meza ya Kit-Mikayi haikuwa na kikapu, haikuwa na maua, hata mawe yamechukuliwa. Vitambaa vya vitenge nilivihesabu, vikapungua viwili, na nilimwona shangazi akielekea garini na kimoja mabegani, eti baridi. Baridi, Kisumu! Nikamwambia usiku mwema, mama. Akanishika mkono, akasema, "Umefanya kazi," akaondoka nacho.

Mweka hazina wa kamati nilimkuta anafungua mlango wa gari. Salio? "Jumatatu, madam. Leo benki zimefungwa." Nikamkumbusha kwamba M-Pesa haifungwi. Akacheka, akasema nina utani. Dereva wa pikapu hana Jumatatu, wala vijana hawana, kwa hiyo nikawalipa kutoka kwenye simu yangu mmoja baada ya mwingine, tukapakia ngazi, na nikamtumia mweka hazina jumla yake kwa maandishi kabla hajafika nyumbani.