Vidole vya njano

Leo alfajiri nimeshuka hori ya Tudor, Mombasa, kupiga picha za ndege, maji yakianza kujaa, kwa kuwa maji yakijaa, ndege waliotawanyika matopeni husogezwa ufukoni bila ya mtu kuwafukuza.

Nimekaa kando ya mikoko, jua na upepo wa kusi vyote vikinipiga mgongoni, maana ndege huruka akiukabili upepo, na hivyo hunijia uso kwa uso akiwa amemulikwa vyema.

Kasi ya kamera niliiweka 1/2000 ya sekunde, na mwanga nikaupunguza kidogo ili weupe wa ndege yangeyange usiungue, yaani manyoya yasipotee pichani yakawa weupe mtupu. (Mwaka jana nilirudi na picha za shuka nyeupe zenye mdomo.)

Nimepiga picha 212, nimefuta 209.

Moja kati ya zilizobaki sichoki kuitazama: yangeyange mdogo ndiyo kwanza anatoka majini, miguu myeusi ameinyoosha nyuma, na kwenye vidole vyake vya njano limening'inia tone la maji lililobeba jua zima la asubuhi.

Mzee mmoja aliyekuwa akiosha mtumbwi akaniuliza, “Mwanangu, na huyo ndege naye utampa picha yake?”

Sikuwa na jibu. Wenzangu, nyinyi mngemjibu nini?