Aliyevuta ni Nani?

Tangu mwalimu wao wa sayansi awaonyeshe ule mchezo wa goti, kijana wangu hamwachi mtu akae miguu ikining'inia. Anagonga chini ya pia ya goti kwa ubavu wa kiganja, mguu unaruka, anacheka. Juzi akauliza, "Mama, sasa aliyeurusha ni nani, kama mimi sijataka?" Nikampa jibu la daftarini, akaenda zake. Mimi nikabaki na mzee wa Kihonda na mbwa wake.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kusomea udaktari wa mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Simba, mbwa wa mzee, aligongwa na bodaboda, akaletwa kwa bajaji amelazwa juu ya gunia. Miguu ya mbele mizima, ya nyuma anaiburuza. Mwalimu akaniachia nianze.

Niliukunja unyayo wa nyuma ukalala kifudifudi. Mbwa mzima huurudisha papo hapo, wa Simba ukabaki vile vile. Nikafinya ngozi ya mgongo pande zote mbili za uti, kuanzia kiunoni nikipanda. Kimya. Kwenye mbavu za mwisho ngozi ikacheza, kwa hiyo jeraha lilikuwa pingili moja au mbili mbele ya hapo, kuelekea kichwani. Nyundo ya mpira gotini: mguu ukaruka kwa nguvu kuliko wa mbwa mzima.

Likabaki koleo, kipimo nilichokichukia kuliko vyote. Umemfunga mgonjwa mdomo kwa bendeji, unambana kidole cha mguu hadi mfupani, na kimoyomoyo unaomba ajaribu kukung'ata.

Nikabana. Mguu ukajikunja, ukavutwa kabisa kutoka mkononi mwangu.

"Amesikia!" Mzee akashika kofia. "Daktari, amevuta! Umeona?"

Niliona. Niliuona na uso wa Simba. Alikuwa anatazama mlangoni, kwenye kuku wa mtu. Hakugeuka, hakulia, mboni hazikutanuka.

"Bana tena," mwalimu akasema, "ila usiangalie mguu."

Nikabana kidole cha pili, halafu mguu mwingine. Kila mara mguu ukavutwa, na kila mara Simba akaendelea na kuku wake. Kidole kilipeleka habari hadi kwenye uti sehemu ya kiunoni, amri ya kuvuta ikarudi kutoka hapo hapo. Juu, ubongoni, hakuna kilichofika.

Mwalimu alimweleza mzee taratibu. Mbwa ambaye diski ya katikati ya pingili imemchomoka, hata asiposikia maumivu ya ndani, akipasuliwa mapema karibu nusu yao hutembea tena. Aliyevunjika uti kwa ajali na hasikii, ni wachache mno. Akataja na sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Mzee akanyamaza, kisha akauliza, "Maelezo yako yote nimeyasikia, mwalimu. Lakini huyo aliyevuta ni nani?"

Mwalimu akaniangalia mimi, eti nisaidie.

Sindano mzee aliikataa. Nikamfundisha kumkamua Simba mkojo kwa kubonyeza tumbo, kumgeuza ubavu asipate vidonda, wakaondoka. Sikuwaona tena.

Siku hizi nikibana koleo namwambia mwenye mbwa mapema kabisa, "Mguu utavutwa, usifurahi kwanza." Wengi wanaitikia kwa kichwa. Mguu ukivutwa, wanafurahi.