Siku 14 zilipita nikiwa Maskati

Niliondoka Amu, yaani Lamu, 2008. Nimerudi mwezi uliopita, na kilichonikata maini ni ukuta. Nilipanda darini kwa marehemu bibi, pale tulipokuwa tukitandika mikeka kaskazi ikivuma. Upepo hakuna, bahari haionekani. Jirani kapandisha ghorofa mbili za matofali ya simiti, zimeegemea kuta zetu za tumbawe na chokaa. Chini yake, chumba cha ndani, ufa umeanza kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na boriti mbili zimepinda. Na hapa ni Mkomani, katikati ya mji ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Nikashuka naungua. Ami yangu alikuwa barazani na wenzake. Zamani pale ungesikia maji kujaa na kupwa, bei ya nguru, na nani kaposa wapi. Sasa wazee wanazungumza hukumu. Aprili 2018 Mahakama Kuu ilisema mradi wa bandari ya LAPSSET, ule ukanda wa uchukuzi wa kutoka Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia, ulivunja haki zetu za utamaduni na mazingira safi, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kule Kwasasi, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliofungua kesi hizo ni watu wetu wa nyavu na mashua. Najivunia, nasema wazi.

"Ami, mmesimamisha makaa ya mawe, na ukuta huu mmeuacha?"

"Mwanangu, bandari ilikuwa ya sote. Ukuta ule ulikuwa wa mwenye nyumba kuupinga. Mwenye nyumba ni wewe."

Sikuwa na la kujibu. Tangazo la ujenzi lilibandikwa, binamu akalipiga picha akanitumia. Lilikaa kwenye simu yangu katikati ya salamu za Ijumaa.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inampa anayeathirika siku 14 tangu kibali kutolewa apeleke rufaa kwa kamati ya kaunti. Asiporidhika, aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kupinga leseni ya mazingira kuna siku 60. Njia ya Katiba waliyopita wavuvi haina kamba fupi hivyo, lakini ni safari: walifungua kesi 2012, hukumu ikatoka miaka sita baadaye.

Kwa hiyo nyinyi mlio Jeddah, Maskati na London, mkijisifu picha za milango ya nakshi: mpeni mtu wa nyumbani uwakala wa maandishi, aweze kutia saini pingamizi bila kuwangojea. Pigeni picha boriti na kuta kabla jirani hajaleta mchanga. Picha zangu za zamani ni za arusi, watu wameziba ukuta wote.

Jumatatu naenda kwa wakili. Ami kasema atanisindikiza, na faili lake la kesi ya bandari kwapani.