Kompyuta ya mtumba imewaka

Jamani, jana sikulala mapema. Kompyuta ya mtumba niliyomnunulia mdogo wangu Kariakoo ilikuja na picha na nyaraka za mwenyewe wa zamani. Sikutaka hata kuzichungulia, ni siri za mtu. Nikafuta diski yote. Kuiwasha tena: kioo cheusi, maandishi yanasema hakuna mfumo wa kuwakia. Moyo ulinienda mbio.

Nikaazima kompyuta ya jirani, nikaandaa mfumo wa Windows 10 kwenye flashi ya GB 8, kisha nikabonyeza F12 (kwa hii ndiyo hiyo, nyingine hutofautiana) ili mashine ianzie kwenye flashi. Ilipoomba namba ya leseni nikachagua kwamba sina. Mashine iliyowahi kuwa na Windows 10 halali hutambulika kupitia bodi yake kuu, basi ilipopata intaneti ikajiidhinisha yenyewe. Waifai ndiyo iligoma, draiva (programu ya kuendesha kifaa chake) hakuna; nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikaigawia bando langu mpaka draiva zikashuka.

Saa nane usiku dogo alikuwa bado macho pembeni yangu. Neno la kwanza aliloandika ni jina la mama.