Maua yangu yamekaukia chini ya jamvi la karafuu

Kama unaishi Pemba, au Tanga, au Lamu, au popote ambapo chumvi ya jikoni hujiloea yenyewe wakati wa masika, usimsikilize mtu anayekwambia ukaushe maua kwa kuyaning'iniza kichwa chini kwenye chumba chenye giza. Nimeshamsikiliza mimi kwa niaba yako. Mwezi wa nne nilifunga mashada sita ya waridi na asumini, nikayatundika kwenye boriti ya stoo yetu hapa Wete, Pemba, nikafunga mlango. Dada wa kwenye video alisema wiki mbili. Zilipotimia nilifungua nikapokewa na harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Waridi yote yameota ndevu za kijivu. Asumini wala sizitaji. Zile zilishageuka kahawia siku ya pili, nami nikajipa moyo kuwa ndiyo kukauka kwenyewe. Usihangaike na asumini. Ua lile limeumbwa livaliwe usiku mmoja, asubuhi basi.

Shauri la pili nilipewa na rafiki yangu wa chuo aliyeko Dodoma. Zika ua kwenye mchanga mkavu, aliniambia, mchanga utanyonya maji na ua litabaki na umbo lake. Kwao huko nina hakika linakubali, maana Dodoma nguo ya kwanza hukauka kabla hujaanika ya mwisho. Mie nikaona nimepata: nakaa kisiwani, mchanga si wa kununua. Nikashuka pwani na ndoo, nikarudi na mchanga mweupe, laini kama unga. Nikauanika kutwa mpaka ukawa unateleza vidoleni. Nikatafuta bati la biskuti, nikasimamisha mawaridi matano, nikaanza kuyamiminia mchanga kwa kijiko cha chai, petali kwa petali, ndani na nje, ili ua lisilale upande. Saa nzima, mgongo unawaka moto, na mdogo wangu kasimama mlangoni anauliza nani kafa.

Siku ya kumi nikafukua. Mchanga uliokuwa unateleza umeshikana kama sukari guru, na ndani yake mawaridi yamelegea, yameiva, yanang'aa maji. Nilikuwa nimepika achari ya waridi. Nilikaa nikaliangalia lile bati kama mtu aliyeibiwa. Halafu, sijui akili gani ilinijia, nikachovya kidole nikalamba. Chumvi! Mchanga wa pwani umelowana maji ya bahari tangu dunia iumbwe, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Mama kila masika hutia punje za mchele kwenye kopo la chumvi isigandamane, nami nimekula chumvi ile miaka ishirini na ushei bila kujiuliza.

Basi nikaamua kuuosha. Ndoo ya maji ya bomba, koroga, mwaga, lamba. Koroga, mwaga, lamba. Maji ya nne bado. Maji ya sita mama akatokea uani akamkuta binti yake mtu mzima amechuchumaa analamba mchanga. Hakusema kitu. Aliingia ndani, nikamsikia anamwambia dada yake kwenye simu kwamba labda nitafutiwe mume. Maji ya saba ulimi haukusikia chumvi. Nikaukaanga kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, nikauacha upoe kabisa (usizike ua kwenye mchanga wa moto, litaiva), nikauchekecha, na safari hii bati nikalifunga utepe wa gundi mzunguko wote hewa isiingie. Mawaridi mekundu yalitoka damu ya mzee, makavu, yamesimama. Niliyapiga picha nikamtumia rafiki yangu wa Dodoma bila kumweleza habari ya achari.

Lakini mchanga ni kazi ya ua mojamoja, na mie nilitaka maua ya kubandika kwenye kadi za harusi, mengi na bapa. Hapo ndipo alipoingia bibi.

Msimu wa karafuu ulikuwa umeshaanza. Jioni zote huku ni kuchambua: unakaa na wenzako kwenye jamvi, unachukua kichala, unakisugua kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Nilikuwa nalalamika tu, kuwa kisiwa hiki maua hayakauki, yanaoza. Bibi akanitazama.

"Mjukuu wangu, na hizo zilizomo mkononi mwako ni nini?"

"Karafuu, bibi."

"Karafuu ni nini?"

Ni ua. Ni ua ambalo halijafunguka, linachumwa kichwa chake kimeanza kupiga wekundu, maana likishachanua thamani yake imekwisha. Pemba nzima imekuwa ikikausha maua tangu enzi za masultani, nami naenda kufundishwa na simu! Bibi hakuniachia hapo. Alinisimulia tena kimbunga cha mwaka 1872, kilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kwa sauti ya mtu aliyeishikilia kwa mikono yake, ingawa kilipita hata mama yake hajazaliwa. Kisha akanipa alichonacho. Ua bichi halilali kwenye rundo, hata usiku mmoja, litachachuka na kupauka. Litandaze jembamba. Ligeuze. Umande usilikute nje. Na usiulize ni siku ngapi, uliza kikonyo: kikipinda, bado, kikivunjika "ka!", tayari. Karafuu huchukua siku nne, tano, hata wiki jua likiwa la kuvizia, na kilo tatu mbichi hukubakishia kama kilo moja.

Nikaanika bogenvilia kwenye uteo, juani, kwa kanuni za bibi. Zilikauka vizuri sana. Tatizo ni kuwa zilianza na rangi ya zambarau zikaishia rangi ya chai ya maziwa. Jua halijali rangi. Karafuu inageuka kahawia na bei yake iko palepale, kadi ya harusi je?

Sasa hapa naomba mnisikilize, maana hii hakunifundisha mtu. Mjomba anaanika kwenye sakafu ya saruji, juu yake majamvi, juu ya majamvi karafuu. Siku moja nilipita pekupeku saa tisa mchana nikainua ncha ya jamvi, nikaweka mguu. Nilirukia pembeni. Chini ya jamvi pana moto, pana giza, na juu pana uzito wa karafuu uliotandazwa sawasawa. Mashine gani tena naitafuta? Kesho yake nikapanga bogenvilia katikati ya magazeti, nikazichomeka chini ya jamvi kimyakimya.

Mara ya kwanza nilichagua jamvi la karafuu za siku ileile, zikatoa jasho magazeti yakalowa. Jamvi liwe la siku ya tatu kwenda mbele. Mara ya pili mvua ya ghafla ilishuka, watu wote mbio kukunja majamvi, na mjomba akabaki ameduwaa mbele ya gazeti lake la wiki iliyopita lililojaa maua.

"Wewe mtoto, umeanza kulima sakafu yangu?"

Nikamwomba radhi, nikakimbia nalo ndani. Nilipolifunua jioni nilisahau hata kula. Bogenvilia imebaki na rangi yake, nyembamba kuliko karatasi ya shashi, kila mshipa unaonekana kama barabara kwenye ramani. Vile vitatu vya zambarau tunavyoviita ua kumbe ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe cha katikati, na kilikuwepo, kimelala ubavu. Kwenye jani moja wino wa gazeti ulikuwa umejichapa: ZABUNI. Tangu siku ile natumia karatasi nyeupe zisizoandikwa, na nazibadilisha siku ya pili.

Kuhusu ubunifu, nilishauriwa niende porini nikatulie, mawazo yatakuja. Nikaenda msitu wa Ngezi na daftari jipya. Nikakaa, nikatulia, nikaumwa na mbu, nikachora mpapindi mmoja, mti wa jamii ya mnazi, uliofanana na ufagio. Wazo lilinijia nyumbani, navua nguo nikaoge, makonyo matatu yameng'ang'ania kwenye kanga yangu. Konyo ukilitazama kwa karibu ni mti mzima: shina, halafu matawi yanagawanyika matatumatatu, kila ncha ina kikovu pale karafuu ilipong'oka. Nikaliacha palepale lilipo, juu ya pindo la kanga, na kadi ikawa imeshajichora. Makonyo yanazunguka pembeni kama pindo, bogenvilia inakaa kwenye mji, yaani katikati, majina ya maharusi yanakaa pale linapokaa jina la kanga. Nilikesha.

Gundi ni ile nyeupe ya shule, ipakwe kidogo kwa ncha ya njiti. Ukizidisha maji rangi ya ua inachuruzika. Karatasi ngumu, gundi na utepe vilinigharimu kama elfu saba, au kumi, sikuandika. Maua yaliyobaki nayaweka kwenye lile bati la biskuti na konzi ya mchele mkavu na karafuu chache, na mende hawajalisogelea.

Kadi za kwanza ishirini zilikwenda kwenye harusi ya jirani. Watu walizinusa kabla ya kuzisoma. Mjomba naye amesikia kuwa zinauzwa, sasa anadai kodi ya sakafu, kadi moja kila msimu. Ya mwaka huu ameshajichagulia, ile yenye ZABUNI.