Magunia Matupu Yasirudi Bara na Udongo Wake

Anayekuja kununua viazi soko la Kongowea, hapa Mombasa, huangalia ukubwa, huangalia kama vimeingia kijani, kisha huuliza bei. Mimi ninayeviuza siku hizi naangalia udongo. Gunia la viazi aina ya Shangi likishamiminwa, kwenye mshono wa chini hubaki udongo mweusi wa Nyandarua, kaunti ya bara vinakolimwa, umeganda kwenye nyuzi, na hata hamali alikung'ute vipi hautoki wote. Gunia hilo hufungwa pamoja na mengine matupu, hutupwa juu ya lori linalorudi bara, na mkulima atakayelipokea mara nyingi si yule aliyelituma.

Hapo ndipo roho yangu haitulii.

Mkulima wangu mmoja wa Ol Kalou, huko Nyandarua, alinipigia simu akaniambia, "Mama, msimu huu usinitegemee. Mbolea nimetia, mvua imenyesha, viazi vimekataa." Nilipokwenda kumwona, shamba lilikuwa na viraka: huku kijani kizuri, katikati mimea mifupi, ya manjano, imenywea mchana kweupe. Aling'oa shina moja polepole, akapangusa mizizi kwa kidole. Ilikuwa na vitone vidogo sana, vingine vyeupe, vingine rangi ya dhahabu, mfano wa punje za sukari zilizonata kwenye uzi. "Ndio hao, mama," akasema. Viazi vilivyokuwa chini ya shina hilo havikuzidi ukubwa wa ndimu.

Kila kitone ni mnyoo jike aliyejaa mayai, mamia kwa mamia. Wataalamu humwita Globodera rostochiensis. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kwao kiazi chenyewe, na hapa Kenya aliripotiwa mwaka 2015, huko huko Nyandarua. Akifa, ngozi yake hukauka ikawa kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, na mayai yaliyomo yanaweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi yakisubiri. Majimaji ya mizizi ya kiazi ndiyo huyaamsha. Shamba likivamiwa sana, mavuno yanaweza kupungua hata kwa asilimia 80. Wateja wangu wa viazi karai wasiwe na hofu: mnyoo huyu hamdhuru mlaji. Anayeumia ni mkulima.

Na kwa nguvu zake mwenyewe mnyoo huyu hafiki mbali. Anabebwa: na jembe la kuazima, na viatu, na maji ya mvua yanayoteremka, na viazi vidogo vya sokoni ambavyo mtu huvigeuza mbegu kwa kuwa mbegu iliyothibitishwa ni ghali na haipatikani kirahisi. Na magunia.

Mkulima wangu sasa amepanda mahindi na kabichi sehemu ile, nyanya ameziacha kwa sababu nazo ni chakula cha mnyoo huyo. Kuna pia mnavu, mboga yetu ya kila siku: watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, waligundua baadhi ya aina zake huyaamsha mayai lakini minyoo haifaulu kuzaana kwenye mizizi yake. Wamejaribu pia kufunga kiazi cha mbegu kwa karatasi ya nyuzi za mgomba kabla ya kukipanda, ili mnyoo asiitambue mizizi. Nayapenda sana majaribio haya, maana mkulima wa robo ekari hawezi kulipumzisha shamba miaka mingi.

Lakini upande wetu wa Pwani kuna jambo jepesi zaidi. Mnyoo huyu anataka udongo wa baridi na mizizi ya viazi. Mombasa kuna joto, na viazi hivi hatulimi. Akishuka huku amefika mwisho wa safari, mradi tusimrudishe.

Wenzangu sokoni wananiambia gunia ni pesa. Ni kweli, na ndiyo maana yangu nawauzia watu wa makumbi na wa mkaa wa hapa hapa mjini, halafu bei ya gunia jipya nagawana na mkulima nusu kwa nusu. Wenye malori nao nawaomba: fagieni bodi na muoshe magurudumu huku huku chini, kabla hamjapanda Mariakani.